Kiti cha Mlangoni

Kuna wanaume wakiachishwa kazi hulewa. Wengine hugombana na kila kitu mpaka na paka wa jirani, na wengine hulala hadi jua la mchana liwakute na shuka kichwani. Mume wa msusi hakufanya hata moja kati ya hayo, na hilo ndilo lililomtoa mkewe roho. Angelewa, mkewe angejua la kumwambia, na majirani wangekuja kusuluhisha. Lakini utamgombeza vipi mtu aliyeoga mapema, akapiga pasi shati lake mwenyewe, akang'arisha viatu, kisha akakaa kwenye kiti cha mlangoni na simu mapajani, kimya, mpaka jioni?

"Unafanya nini hapo?" mkewe alimuuliza siku za mwanzo.

"Nasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Mzee alisema ataniita."

Mzee huyo alikuwa mkurugenzi wa kampuni ya vigae, na mume wa msusi alikuwa dereva wake tangu binti yao wa kwanza yuko tumboni hadi sasa binti ana kimo cha mama yake. Kampuni ilipoanza kuyumba, watu walipunguzwa, na mkurugenzi akaambiwa ajiendeshe mwenyewe kama wanadamu wengine. Siku ya mwisho alimshika dereva bega pale kwenye maegesho akamwambia, "Kaa nyumbani kwanza. Mambo yakitengemaa nitakuita." Mtu mwingine angeyachukua maneno hayo kama yalivyo, yaani kwaheri yenye adabu. Dereva aliyachukua kama amri. Aliambiwa akae, akakaa.

Watu hudhani kazi ya dereva wa bosi ni kuendesha. Kuendesha ni kidogo tu, kazi yenyewe ni kungoja. Unangoja nje ya benki, nje ya hoteli, nje ya nyumba za watu usiowajua, gari umeliegesha kinyumenyume, pua inatazama barabara, ili bosi akitokea usianze kuhangaika na kugeuza. Huulizi atachelewa kiasi gani. Huendi kunywa chai, maana ukienda tu ndipo anapotokea. Na katika kungoja, dereva huyu hakuwa na mpinzani. Hadithi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya siku mkurugenzi alipoingia mkutanoni akamwambia "subiri hapa," kisha akatokea mlango wa nyuma na kuondoka kwa gari la rafiki yake. Dereva alisubiri mpaka walinzi wa zamu nyingine wakaingia. Wenzake walipomcheka aliwajibu kwamba kesho yake gari lilikutwa palepale lilipoachwa, na yeye vilevile. Zamani msusi alikuwa akicheka akiisikia hadithi hiyo. Sasa akiisikia alitamani kumpiga mtu kwa kitana.

Tena kilichomkera zaidi ni kwamba subira hiyohiyo ndiyo iliyompa mume. Alipokuwa binti anayejifunza ususi kwenye saluni ya mtu, kijana huyu alikuwa akija kumchukua jioni na kusimama nje mpaka kichwa cha mwisho kimalizike. Hakugonga kioo, hakupiga mluzi, hakununa. Wasusi wenzake walimwambia, shoga, mwanamume anayejua kusubiri usimwachie. Hakumwachia. Wenzake hao wangekuwapo leo angewauliza mbona hawakumweleza kwamba kuna kusubiri kwingine hakuna mwisho.

Saluni yake ya sasa ilikuwa sebule yao wenyewe. Kochi lilihamishiwa chumbani, ukutani kikapachikwa kioo kirefu chenye ufa kwenye pembe, na mezani yakapangwa mafuta, vitana na mafungu ya rasta za rangi tatu nne. Viti vilikuwa vitatu. Kimoja cha mteja anayesukwa, kimoja kirefu cha msusi mwenyewe, na cha tatu, chenye mto, karibu na mlango, cha mteja anayengoja zamu. Hicho chenye mto ndicho alichokichukua dereva. Tena hakukiacha kama kilivyokuwa. Alikigeuza, mgongo ukaangalia kioo na uso ukaangalia barabara, tayari kutoka. Msusi alipokiona kimegeuzwa vile alijua mara moja mumewe ameegesha.

Sasa, mwanamke hatoki kwake kwenda kusukwa nywele tu. Anakwenda pia kusema. Anamsema mumewe, wifi yake, mwenye nyumba, na shemeji aliyekuja kusalimia tangu mwaka jana na hajamaliza salamu. Yote hayo utayasemaje na mume wa mtu amekaa pale, shati limenyooka kama anakwenda kusimamia ndoa, masikio yamesimama yakingoja simu? Wateja walianza kunong'ona. Baadaye wakaacha hata kunong'ona, wakawa wanasukwa kimya kama watu walioketi kwa daktari wa meno. Mmoja alisema, "Shoga, nitarudi wiki ijayo," na wiki hiyo ilipofika msusi alikutana naye sokoni kichwa kimeshasukwa kwingine, tena mistari imepinda. Hilo la kupinda lilimuuma kuliko lile la kwingine.

Mtaani walishampa mumewe jina. Walimwita Mheshimiwa. "Mheshimiwa yupo?" muuza mkaa aliuliza akipita. "Yupo," alijibiwa na fundi viatu wa ng'ambo ya njia, "anangoja msafara wake." Dereva aliwasikia na hakugeuza shingo.

Msusi alijaribu kila njia. Alimbembeleza, alimnunia, akamchokoza. "Mwenda bure si mkaa bure," alimwambia asubuhi moja, "huenda akaokota."

"Subira yavuta heri," mumewe alijibu.

"Ya kwako mpaka sasa imevuta kiti changu."

"Nimewaambia madereva wote ninaowafahamu. Namba yangu wanayo."

Huko ndiko kutafuta kazi kwa dereva. Namba yake wanayo. Alikuwa ameigawa namba ile mji mzima kama mtu anayegawa kadi za harusi, kisha akarudi nyumbani kungoja wageni. Simu ilichajiwa hata pale ilipokuwa imejaa. Aliingia nayo jikoni, aliingia nayo chooni, na chakula alikula akiwa ameiweka pembeni ya sahani. Ilipoita na kuwa ni kampuni ya simu inayotangaza vifurushi, alisikiliza tangazo lote mpaka mwisho, kwa adabu.

Hasira ya msusi haikuwa na pa kwenda, ikashukia vidoleni. Mteja aliyekuwa mikononi mwake siku hiyo alishika paji la uso. "Dada, punguza kidogo. Macho yanataka kuhamia kisogoni."

"Samahani," msusi alisema, akamtazama mumewe mgongoni na kuvuta tena.

Mteja mmoja tu hakuuogopa mgongo ule. Huyo ni karani wa shule iliyo ng'ambo ya barabara kuu, mwanamke wa sauti kubwa aliyezoea kuita majina ya watoto kwenye uwanja wenye upepo. Aliketi kwenye kiti cha kusukwa, akamwona dereva kupitia kioo, akasema bila kugeuka, "Shemeji, shule imenunua mabasi mawili. Tunataka madereva. Alhamisi asubuhi ndiyo majaribio."

Dereva aligeuza kichwa kwa mara ya kwanza wiki hiyo. "Wataniita?"

"Hawamwiti mtu, shemeji. Watu wanakuja. Ukifika, mtafute msimamizi wa magari, mwambie unataka kujaribiwa. Basi."

"Haya," alisema dereva.

Msusi aliweka roho yake yote kwenye Alhamisi hiyo. Hakuwa anaota makubwa. Alitaka asubuhi moja aamke, mumewe awe ametoka, kiti kiwe kitupu, na mwanamke fulani aingie akikitupia mkoba na kusema, "Shoga, leo nina jambo." Alijua pia, ingawa hakumwambia mtu, kwamba Alhamisi ikipita hivihivi atakuja kumtamkia mumewe neno lisilorudishika. Neno lenyewe alikuwa nalo tayari, na kila siku lilimjia mpaka kwenye ncha ya ulimi.

Usiku wa kuamkia Alhamisi umeme ulikatika, na simu ya dereva ikalala bila chaji. Asubuhi umeme uliporudi aliichomeka sebuleni, akasimama nayo kidogo kama anayemwacha mtoto siku ya kwanza shuleni, kisha akaenda kuoga kwenye bafu la uani. Maji yalikuwa bado yanamwagika huko uani simu ilipoita.

Msusi aliiangalia. Kwenye kioo cha simu paliandikwa Mzee.

Miezi yote ile walikuwa wameingoja simu hiyo, na sasa ilikuwa inatetemeka mezani kati ya vitana. Msusi aliutazama mlango wa uani. Akipaza sauti tu, mumewe atatoka na povu masikioni. Akiambiwa na Mzee aende, ataenda, na majaribio ya shule yatabaki kuwa ya wengine. Na je, kama Mzee anampa kazi kweli? Akapokea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Yeye yuko wapi?"

"Ametoka kidogo."

"Hebu muulize, ile spana ya magurudumu aliiweka wapi? Nimepata pancha, niko njiani hapa, nimetafuta gari zima."

Msusi alingoja. Alidhani kuna mengine yanafuata, maana mtu hawezi kukaa kimya kiasi kile kisha akaibuka na spana.

"Unanisikia?" mkurugenzi aliuliza.

"Nakusikia, mzee." Na kwa kuwa mumewe alikuwa amemsimulia kuhusu gari lile kuliko alivyowahi kumsimulia kuhusu mama yake mzazi, hakuwa na haja ya kumuuliza mtu. "Iko nyuma kwenye buti. Funua kapeti, upande wa kushoto. Imefungwa kwenye taulo la bluu ili isigongegonge ukiwa safarini."

Taulo lilikuwa la msusi mwenyewe. Mumewe aliliomba akisema Mzee hapendi kelele.

"Ngoja... Ee, haya. Kazi yake siku hizi nini?"

"Anaendesha basi la shule," alisema msusi, na uongo ukatoka umenyooka kuliko mstari wowote aliowahi kupasua kichwani kwa mtu.

"Vizuri," alisema mkurugenzi, na simu ikakatika.

Alisimama pale akiwa na hasira mpaka meno yalimuuma. Vizuri! Mtu amemfungulia mlango wa gari tangu nywele zake zikiwa nyeusi, hata salamu hakumwachia. Akaifuta ile simu kwenye orodha, na mumewe alipoingia akijifuta kichwa na kuuliza kama ameisikia ikiita, alimjibu, "Wamekosea namba."

Dereva alivaa, akafunga kifungo cha juu, akatoka. Msusi alimsindikiza kwa macho mpaka alipokata kona, kisha akakigeuza kiti cha mlangoni kikatazama ndani. Siku hiyo alisuka kama mtu aliyerudishiwa mikono yake. Wateja wawili walipatana kwenye habari ya wifi mmoja, ikasemwa yote, mwanzo hadi mwisho, na msusi akacheka mpaka akaangusha kitana. Mchana ulipopita bila mumewe kurudi alifurahi zaidi. Mtu akikataliwa hurudi mapema. Bila shaka wamempa basi, wamemwonyesha njia za kupita, huenda hata ameshapeleka watoto majumbani.

Jioni alirudi. Hatua zake zilikuwa zilezile, shati bado limenyooka. Mteja wa mwisho alikuwa amesukwa nusu kichwa na ameahidi kurudi asubuhi kumaliziwa. Msusi alikuwa anafagia nywele sakafuni.

"Enhe?"

"Nimefika pale mapema," alisema dereva. "Msimamizi wa magari nilimkuta yuko chini ya basi, miguu tu ndiyo inaonekana. Akasema, subiri kidogo."

Ufagio ulisimama.

"Nikakaa kwenye benchi la getini. Wakaja wengine watatu. Wao walikwenda moja kwa moja wakamwinamia kule chini ya basi, wakaongea naye. Hawana adabu kabisa, mtu yuko kazini. Akatoka, akawajaribu."

"Na wewe?"

"Mimi alishaniambia nisubiri."

"Siku nzima?"

"Alipita mara mbili. Nilidhani ananikumbuka. Jioni anafunga geti ndipo akaniuliza nangoja mtoto gani."

Msusi aliketi kwenye kiti cha wateja, ufagio ukiwa bado mkononi. Aliuliza taratibu, maana alijiogopa. "Madereva wangapi wamechukuliwa?"

"Mmoja. Wale wawili wengine hawakuweza kurudisha basi nyuma."

"Mabasi ni mawili."

"Ni mawili."

"Na hilo la pili je?"

"Sikuuliza."

Basi hapo neno lililokaa kwenye ncha ya ulimi miezi yote hiyo likatoka, tena halikutoka peke yake. Alimwambia kwamba yeye hakuolewa na mume, aliolewa na kituo. Alimwambia kwamba hata kuku akiona mlango umefungwa huzunguka nyuma. Alimwambia kwamba wateja wamemkimbia, kwamba binti yao anajificha akiona wenzake wanapita, kwamba mtaa mzima unamcheka na yeye, mkewe, amechoka kujifanya hasikii. Dereva alisikiliza yote amesimama, mikono nyuma, kama alivyosimama nje ya magari miaka yote. Kusimama kule ndiko kulikommaliza mkewe.

"Na huyo Mzee wako alipiga," alisema. "Leo asubuhi. Ulikuwa unaoga."

Dereva alishusha mikono. "Alipiga?"

"Nilipokea mimi. Nikakuficha, uende shule. Na kumbe ningekuita tu ungemkimbilia huko njiani, ungerudi hapa na mikono michafu na furaha, na bado ungekuwa huna kazi."

"Aliniulizia?"

Msusi angeweza kudanganya. Asubuhi alidanganya kwa wepesi. Lakini jioni hii hakuwa na nguvu hiyo.

"Aliulizia spana," alisema. "Alipata pancha."

Nje fundi viatu alikuwa anafunga kibanda chake, na mbao ziligongana moja baada ya nyingine. Dereva aliitazama meza ya vitana pale simu ilipokuwa imelala asubuhi.

"Tairi la mbele au la nyuma?" aliuliza.

"Sijui."

"Aliipata?"

"Aliipata. Nilimwambia ilipo."

"Kwenye taulo."

"Kwenye taulo."

Dereva alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepokea hesabu na kuikuta iko sawa. Kisha akaingia chumbani na kukaa kwenye lile kochi, na msusi akabaki anafagia palipokwisha kufagiwa. Alimhurumia, na kumhurumia kukamwongezea hasira. Kumchukia mtu unayemhurumia ni kazi ngumu sana, haina hata mapumziko.

Asubuhi alisikia pasi. Alisikia brashi ya viatu. Akiwa jikoni anachemsha maji ya kuchovyea ncha za rasta, alisikia kiti kikiburutwa sebuleni, na akaamini kinageuzwa tena kutazama barabara. Aliinua sufuria ya maji, akairudisha motoni. Alijisemea, leo nitakitia shoka kiti hicho, na aliyekikalia shauri yake.

Alipoingia sebuleni, yule mteja wa nusu kichwa alikuwa ameshafika, amesimama mlangoni, kitambaa kimeficha upande usiosukwa. Dereva alikuwa ameusukuma mto wa kiti ukakaa vizuri, akaufuta kwa leso yake. Kiti kilikuwa kinatazama ndani.

"Kaa, dada," alimwambia mteja.

Mteja alimtazama msusi, kisha akakaa. Dereva alichukua viatu vyake akaketi kwenye kizingiti kuvivaa. Alifunga kamba za kiatu kimoja, akasita, akafunga za kingine.

"Unakwenda wapi?" mkewe aliuliza.

"Shuleni. Kuuliza lile basi la pili."

"Wamekupigia?"

Dereva alisimama, akajikung'uta vumbi la kizingiti. Kwenye paji la uso jasho lilishaanza kumtoka ingawa jua lilikuwa bado halijapanda.

"Hawajaniita," alisema, akatoka.

Fundi viatu alimwona akasema kitu, na muuza mkaa akacheka. Msusi alichukua kitana na kuanza kupasua mstari pale alipoachia jana. Ndipo alipoiona simu mezani, bado imechomekwa kwenye chaji, imejaa. Alifungua mdomo amwite mumewe airudie, hakuwa amefika mbali. Kisha akaufunga, akashika fungu la rasta, na akaendelea kusuka.